Nilivyoapa kwamba samaki hasikii uchungu

Wakuu, asalaam aleikum. Kisa hiki ni changu mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi ni wa Galbet, hapa Garissa. Kwetu tunajua ngamia na mbuzi. Nilipochimba bwawa la tilapia karibu na Mto Tana, wazee walicheka wiki nzima. Msomali na samaki wapi na wapi?

Basi msimu mmoja mto ukafura. Mimi na mke wangu Halima tukaingia bwawani na wavu, tuwahamishe samaki wazazi kwenye tenki nyumbani. Purukushani asubuhi nzima. Wavu ukawararua mapezi, mmoja akapasuka mdomo.

Halima akasema, "Baba Hibo, polepole. Unawaumiza."

Nikamjibu kwa elimu yangu yote: "Samaki hasikii uchungu, wallahi. Si unaona wametulia?"

Na kweli walikuwa wametulia tuli. Nikajiona profesa.

Kesho yake nyumba iko kimya, maji safi. Ndipo vituko vikaanza. Wanajisugua kwenye ukuta wa tenki. Chakula hawagusi. Yule wa mdomo anatikisa kichwa tu. Wawili wakafa.

Nikasema tumerogwa. Halima akasema tumwite afisa wa uvuvi.

Akaja dada mmoja mpole. Akawatazama, akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, jana walikuwa na hofu ya kufa. Samaki akiwa na stress kali, mwili unazima uchungu kwanza ili ajiokoe. Leo hofu imeisha, ndiyo sasa wanausikia."

Nikabisha. Mimi hubisha hata nikishashindwa. "Haiwezekani kiumbe aumie na asisikie!"

Halima akaingilia: "Huyu jana alibeba ndoo za samaki na mwiba wa mgunga ndani ya kisigino. Hakujua. Alipokaa kunywa chai ndipo akalia, majirani wakaja mbio."

Wakuu, hiyo sehemu nilitaka kuiruka.

Dada hakucheka, Mungu ambariki. Akatuambia tuweke kivuli, chumvi kidogo kwenye maji, na tuache kuwasumbua. Baada ya siku chache waliobaki wakaanza kula.

Lakini mimi sikutulia; maneno ya yule dada yalinikumbusha jambo. Halima alipofiwa na mamake kule Hulugho, aliendesha matanga yote bila chozi. Nilikuwa nikiwaambia watu kwa fahari, mke wangu ni chuma. Huu ni mwaka wa pili tangu msiba, na sijawahi kumuuliza lolote.

Jioni moja nikajikaza. "Mama Hibo, kuna kitu kinakuuma?"

Akanigeukia. "Unataka nianze na kipi?"

Nilichojifunza: anayetulia katikati ya balaa, usimpe sifa haraka. Ngoja mambo yapoe, kisha umuulize.

Wenye mabwawa na wenye wake wa chuma, nyinyi mmeonaje? Mkichelewa kujibiwa msinune. Halima bado anaongea, na safari hii nasikiliza.