Salamu Niliyokwenda Kuisahihisha Kajiado

Nilitoka Kitengela Jumamosi asubuhi kwa sababu ya neno moja. Neno hilo ni "sopa", na limo katika kiitikio cha wimbo ulionitoa kwaya ya kanisa, ukanipitisha vilabu vya nyama choma, hadi redioni. Wimbo wenyewe unaitwa "Sopa Yeyo", yaani hujambo mama. Nilimtungia Mama Nashipai, jirani yetu Mmaasai aliyenilea wakati mamangu alikuwa akishinda kazini kwenye shamba la maua. Sisi ni Wakamba. Salamu hiyo niliiokota kwa wazee waliopitisha ng'ombe nyuma ya ploti yetu, na hakuna aliyeniambia kwamba wao walikuwa wakiamkiana wanaume kwa wanaume, huyu "sopa", yule "ipa". Mwanamke huambiwa "takwenya", naye huitikia "iko". Wimbo ulipovuma ndipo watu wakaanza kunicheka mtandaoni: huyu anamsalimia mamake kama mzee mwenye fimbo! Na sasa Mama Nashipai, aliyerudi kwao Kajiado, alikuwa amenialika kuuimba kwenye harusi ya mjukuu wake, mbele ya ukoo mzima. Sikuwa tayari kumwaibisha. Nikaandika kiitikio upya.

Isinya tulisimama kununua sukari na mkate, maana huwezi kwenda kwa mama mikono mitupu. Mutua, mpiga gitaa wangu na mwenye gari, alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Hiyo chorus mpya iko sawa," akasema, "lakini haina utamu."

"Utamu utaongeza wewe na gitaa," nikamjibu kwa ukali, kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi. Kutoka hapo nilirudia "takwenya" mpaka akafungua redio.

Tulipopita mji wa Kajiado tulishika njia ya vumbi hadi bomani. Mama Nashipai alisimama mlangoni, amekonda kuliko nilivyotarajia. Niliinamisha kichwa kama mtoto, akakigusa kwa kiganja.

"Mwende, umekuja na ile wimbo yangu?"

"Nimekuja nayo, yeyo."

Mchana, baada ya ibada, niliitwa mbele ya hema. Nikaimba, "Takwenya, yeyo!" na hema zima likaitikia, "Iko!" Wanawake walirukisha shanga shingoni, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilijiona nimetua mzigo. Kisha nikamtazama Mama Nashipai. Alikuwa amefunga mdomo, macho chini, akikunja ncha ya shuka yake.

Baadaye alinivuta jikoni, walimokuwa mabinti zake wakipakua, akanimiminia chai.

"Wimbo yangu umeiacha wapi?"

"Nimeirekebisha, yeyo. Ile ya kwanza ilikuwa na makosa."

"Najua iko na makosa. Ulikuwa mdogo hivi, unaingia kwa mlango ukipiga kelele, 'Sopa!' kama mzee ametoka sokoni. Nacheka mpaka nashika tumbo."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Takwenya naambiwa na kila mtu. Sopa naambiwa na mtoto wangu Mkamba peke yake."

Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Miaka yote nikipanda jukwaani nilidhani nimemtungia zawadi, halafu nikaja hadi nyumbani kwake kumnyang'anya. Nikaweka kikombe chini, nikaimba papo hapo bila gitaa: "Sopa, yeyo!" Mama Nashipai akakohoa, akajikaza, akaitikia kwa sauti nzito ya mwanamume, "Ipa!" Mabinti zake wakaangua kicheko hadi wageni wakaja kuchungulia, tukalazimika kurudia.

Jioni tulishika barabara ya kurudi Kitengela. Nilichojifunza safari hiyo ni kwamba wanaonicheka mtandaoni wana haki yao, ila si wao niliowaimbia. Karibu na Isinya Mutua alipunguza mwendo nyuma ya lori.

"Kwa hivyo studio tunarekodi hiyo mpya?"

"Tunauacha ule wa zamani na kosa lake," nikamwambia. "Kosa hilo lina mwenyewe."