Mlima Uliojaa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, chef de bureau, mkuu wa ofisi ya madini hapa Bukavu, alinipa koleo ya kubania na fungu la lebo za plastiki. "Hii ndiyo kitambulisho cha jiwe," akasema. "Bila hii, hakuna mutu wa inje atainunua." Mchimbaji akileta gunia la kasiterite, jiwe linalotoa bati, nililifunga kwa lebo ya mlima lilikotoka. Nilijivunia. Niliamini shule na barabara zingetoka ndani ya magunia yale.

Nilianzia kwenye mlima mmoja mbele ya Kavumu, kisha nikarudishwa mjini, kwenye depo, ghala la magunia. Mwaka mmoja mvua ilikataa kukatika, lakini magunia ya mlima ule yakazidi kuingia. Nikashuku. Kule hakukuwa na pampu ya kutoa maji mashimoni. Tena jiwe la kule lilikuwa na udongo mwekundu. La magunia haya lilikuwa na mweupe.

Nikachukua pikipiki, nikapanda mlimani. Nilimkuta Maman Sifa, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji, sasa anauza makala, mkaa wa kupikia.

"Papa, unatafuta nani? Bote balienda Kamituga ku dhahabu. Maji ilijaza mashimo."

Nikaenda kuangalia. Bata walikuwa wanaogelea humo.

Niliporudi nilimweleza chef de division, mkubwa wetu wa madini mkoani. Alinyanyuka, akafunga mlango.

"Uko technicien ao uko polisi?"

"Technicien, chef. Ndiyo maana nauliza jiwe inatoka wapi."

"Inatoka fasi lebo inasema."

Muda si mrefu nikahamishiwa ofisi isiyo na gunia hata moja. Wenzangu wakaacha kula nami. Nilikaa huko mpaka pensheni.

Sasa naishi Kasha, pembeni mwa mji. Vijana wa chuo kikuu huniuliza kama madini yanajenga nchi. Nawaambia: sehemu ya kodi inapaswa kurudi mlimani palipochimbwa. Jiwe likidanganya kuhusu kwao, waliovunjika mgongo kulichimba hawapati kitu, na mlima wa bata unasifiwa redioni. Mukisikia mauzo yamepanda, ulizeni mlima gani, kisha mwende mukauone.

Mwezi uliopita mtu anayefanya kazi yangu ya zamani alinitembelea, na kreti ya bia. Tulicheka sana. Alipokuwa anaaga aliuliza, kama mtu asiye na haja ya jibu, kama ningali napanda milima kuangalia mashimo.

Nikamwambia magoti yananiuma.

Hayaniumi.