Meno Yangu Yamelegea Kama ya Marehemu Baba

Admin, nakuomba usiweke jina langu wala picha, huku Kibiti tunajuana sana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni fundi cherehani. Wasomaji mnivumilie.

Mwaka jana nilianza kutokwa damu kwenye ufizi. Nikichukua udhu, nikisukutua, maji yanatoka mekundu. Nikasema ni mswaki mgumu. Kisha ikaja harufu. Nikimpima mteja kifua, namwona anageuza uso. Msikitini nikawa natafuta mwisho wa safu. Mke wangu alianza kulala ametazama ukutani, nami nikaelewa. Nikatafuna karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikameza vidonge vya maumivu vya dukani. Kiu nayo haikuisha. Namaliza jagi zima kabla ya adhuhuri, nasingizia jua.

Siku moja nilikuwa nakata uzi kwa meno kama tunavyofanya mafundi wengi, jino la mbele likacheza. Wala halikuuma, lilicheza tu kama kifungo kilicholegea. Nikaganda pale na gauni la watu mapajani, jasho linanitoka, kwa sababu marehemu baba yangu alianza hivyohivyo.

Baba alikuwa mkulima kule Umwe. Meno yalimtoka moja baada ya jingine, akakonda, kisha akapata kidonda kidogo mguuni ambacho hakikupona. Mguu ukawa mweusi. Tunamfikisha hospitali, tumeshachelewa. Nyumbani tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba karogwa, na mchawi tumempata: baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, kwa kuwa walikuwa wakigombea shamba la minazi. Na hapa ndipo naungama. Aliyeyasema hayo hadharani ni mimi. Msibani, watu wamejaa mkekani, nilimnyooshea kidole nikamwambia, "Meno ya baba umeyapeleka wapi?" Alilia mtu mzima yule. Akasema, "Mwanangu, mimi kaka yangu sijamfanya kitu." Wiki hiyohiyo akahamia Utete, na tangu hapo hakuna wa kwetu anayepokea salamu zake. Ni miaka sita sasa.

Kwa hiyo jino lilipocheza nilijua zamu yangu imefika. Hospitali sikwenda. Nilikwenda kwa mganga, akanifunga hirizi, akaniambia anayenimaliza ni yuleyule. Baada ya wiki mbili shavu likavimba mpaka jicho likafumba, homa kali, mate hayamezeki. Mke wangu akaleta bodaboda mpaka mlangoni. "Mume wangu, leo unapanda mwenyewe au naita wanaume wakubebe."

Daktari wa meno alikuwa dada mdogo tu. Alinichungulia mdomoni, kisha akaanza maswali ambayo sikuyaelewa.

"Kaka, unasikia kiu sana? Haja ndogo je, unakwenda mara nyingi?"

Nikamwambia, "Dokta, mimi nimekuja na jino."

Akanitoboa kidole. Kile kimashine kilipotoa namba, alitoka kwenda kumwita mwenzake. Jamani, kule kutoka kwake kulinitisha kuliko maumivu yote.

Kisukari. Akanieleza polepole: "Sukari ikiwa juu, ufizi unaharibika na vidonda vinachelewa kupona. Na huo usaha mdomoni nao unaipandisha sukari. Tukitibu kimoja tukakiacha kingine, hutapona." Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwingine mwenye kisukari?" Nikafungua mdomo niseme hakuna, nikauona mguu wa baba.

Nilimsimulia yote isipokuwa niliyoyasema msibani. Akasema marehemu hawezi kumpima, lakini dalili zile anazijua, na ndugu zangu wote wa damu wakapime. Nililazwa, usaha ukatolewa, sukari ikashushwa, ndipo nikang'olewa jino. Sasa nameza dawa kila siku na shavu limerudi. Hofu ndiyo haijaondoka. Kila asubuhi naamka nasukumasukuma meno kwa ulimi, nakagua nyayo zangu moja moja, natafuta kidonda.

Nilijaribu kumweleza mama. Alinikazia macho akasema, "Hao madaktari wamekulisha nini mpaka unamtetea muuaji wa baba yako? Ukienda kwake, kwangu usirudi." Mama ana shinikizo la damu, nikaogopa kuendelea.

Mwezi uliopita alikuja mteja kutoka Utete kushonesha kanzu. Katika mazungumzo akasema, bila kujua kuwa anamsema baba yangu mdogo, kwamba yule mzee aliyetoka Umwe amechoka sana. Meno yamebaki mawili matatu, anakula uji tu, na mguu wake mmoja kaufunga kitambaa. Niliikosea kanzu ile, nikaikata fupi.

Namba yake niliipata. Nilipiga juzi. Akapokea, sauti imekuwa nyembamba, herufi zinamponyoka kwa kukosa meno. "Nani mwenzangu?" Nilikata.

Nikimwambia akapime, itabidi nimwambie nimejuaje, na kwamba nilimfukuza kwao kwa ugonjwa ambao huenda na yeye anao. Huenda akanilaani, na mama atanikana. Nikinyamaza, huo mguu hausubiri. Ndugu zangu, nishaurini kabla wiki haijaisha: niende Utete nimtazame usoni, nimtume mtu, au nianze na mama? Nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini niambieni nifanye nini.