Vijisarafu vya Pamba vya Mume Wangu

Mume wangu Chenge hajawahi kulima hata tuta moja, lakini kuanzia Buswelu mpaka mjini Mwanza anaitwa Mtaalamu wa Kilimo. Jina hilo alilipata kwa kukusanya sarafu.

Alipopunguzwa kazi ya ukarani kwenye kinu cha pamba, miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba, wenzake walifungua vibanda vya mitumba. Yeye alinunua suti. Kisha akaanza kuvuka ziwa kutoka Kigongo kwenda Busisi na begi la sabuni za miche za kubadilishana, akiwatafuta wajane waliobaki na vijisarafu vya ukumbusho ambavyo Waingereza waliwapa wakulima hodari. Ni vidogo kama ukucha wa dole gumba: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili tumba la pamba. Wazee wetu walivitoboa wakavivaa shingoni, na walipokufa, watoto walivitunza kana kwamba wanamtunza mzee mwenyewe. Chenge aliyaziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa, akavisugua kwa majivu, akavipanga juu ya kitambaa chekundu.

Wageni wakija, aliwasimulia habari za mbolea mpaka koo likamkauka. Mimi nilikuwa shambani, nikipalilia mahindi ambayo wageni hao waliyatafuna.

Cha mama yangu hakukitolea hata sabuni. Alikichukua sandukuni kwangu nilipokuwa msibani. Aliyekabidhiwa kijisarafu hicho na Waingereza alikuwa baba yangu, lakini alipofika nyumbani alimvika mama, maana alijua jembe lilishikwa na nani.

"Baba Winnie, nirudishie mama yangu."

"Mama Winnie, hii sasa ni historia ya taifa. Wewe hujasoma, huwezi kuelewa."

"Historia hiyo ilininyonyesha mimi, si taifa."

Akacheka, akafunga kabati kwa kufuli. Mzungu mmoja alikuwa ameahidi kuvinunua vyote baada ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane.

Siku hiyo ya maonyesho Chenge alipewa meza yake peke yake, akavipanga vijisarafu juu yake. Mgeni rasmi alipofika, Chenge akaanza kumweleza jinsi mkulima anavyopaswa kuinama. Hapo bibi Ng'washi, mmoja wa wale wajane wa Busisi, akapenya na wenzake nyuma yake, akapiga magoti mbele ya meza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," mgeni rasmi akaitikia, akitabasamu.

"Si wewe, mwanangu. Namwamkia baba yangu. Yule pale pembeni."

Watu wakacheka. Bibi akafungua kibuyu, akammiminia baba yake pombe ya mtama. Nyingine ikaishia kwenye suti.

"Bibi!" Chenge akafoka. "Hii ni mali ya maonyesho!"

"Ulisema unakwenda kumwonyesha kwa wakubwa. Haya, wamemwona. Tunarudi nyumbani."

Sikusubiri. Nami nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Mama Winnie, usinidhalilishe," Chenge akaninong'oneza.

Nikapaza sauti: "Mkweo yuko hapa nawe umesimama? Mwamkie!"

"Mwamkie mkweo!" watu wakadakia.

Kwetu mama mkwe hata usoni hatazamwi, sembuse kuuzwa. Mtaalamu akamtazama mgeni rasmi, akatazama umati, akapiga magoti kwenye tope la pombe.

"Shikamoo, mama," akasema, macho chini.

Baada ya hapo asingeweza kumwuza kwa mtu yeyote. Nikamchukua mama, nikamfunga kwenye pindo la khanga, nikaondoka. Nyuma yangu wajane walikuwa wanasukumana kuifikia meza.