Siku Nilipokwama Chini ya Meza ya Uhamiaji

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wateja wangu wa saluni: mimi ndiye yule Mkenya aliyekwama chini ya meza ya ofisa uhamiaji, miguu nje, mimba ya miezi sita ndani, mchana kweupe, watu wamejaa dirishani. Chekeni kwanza mmalize, mimi nasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Kwetu ni Nakuru. Lusajo alikuja kule kusomea kilimo, tukapendana, tukafunga ndoa hukohuko (mama mkwe na shangazi walikuja na basi wakiwa wamekumbatia mkungu wa ndizi mpaka kanisani, baba mkwe akabaki nyumbani na ng'ombe wake), kisha nikahamia huku Tukuyu, tukapanga nyumba Ibighi, nikafungua kisaluni changu. Nilipapenda. Mvua haimwombi mtu ruhusa, na maparachichi yamejaa mpaka mbwa wanachagua. Watu hucheka Kiswahili changu, lakini wanasuka nywele kwangu hivyohivyo.

Sasa kuna mambo mawili mgeni aliyeolewa huku lazima ayajue. La kwanza ni kibali cha ukaazi, maana Mkenya na Mtanzania ni ndugu wa damu mpaka ufike ofisi ya uhamiaji. La pili ni baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke na baba wa mumewe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawapishani njiani, na jina lake mke halitamki kabisa. Akitokea huku, wewe unatokomea kule. Mjini wengi wameshaacha, hata wifi zangu walikuwa wananicheka, lakini mimi, kwa kiherehere changu, nilitaka kuwa Mnyakyusa kuliko Wanyakyusa wenyewe. Kila tulipokwenda Kisondela kwa wakwe, nikisikia tu mzee anakuja nilikuwa nachomoka mbio. Zaidi ya mwaka sikuwahi kuuona uso wake. Nilimjua kwa sauti ya gambuti zake na kwa kikohozi chake (viwili vifupi, kimoja kirefu kinachoishia kama mlango wenye kutu), na kwa picha moja ya ukutani ya enzi za ujana, ana nywele kichwa kizima.

Basi, kibali changu kikakaribia kuisha. Nilijaza fomu vizuri, mwandiko wa shule, nikafika kwenye mstari unaouliza jina la baba wa mume. Nikaweka kalamu chini. Nikajiuliza, hivi kuliandika si sawa na kulitamka? Mtu mwenye akili angemuuliza mumewe. Mimi nikauruka mstari ule nikaendelea na mingine, nikaona nimemheshimu mzee kweli kweli. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Ofisa alikuwa kijana mpole kutoka Mtwara, hana muda mrefu huku. Akaupita ule mstari kwa kidole, akarudi.

"Mama, hapa hujajaza. Baba wa mumeo anaitwa nani?"

"Namjua, afande, ila siwezi kumtaja."

"Huwezi, au hujui?"

"Najua. Siwezi."

"Anafananaje?"

Nikafikiria ile picha. "Ana nywele nyingi."

"Umeshawahi kumwona?"

"Hapana."

Akaweka fomu pembeni polepole, na nikaona macho yake yakibadilika. Mwanamke wa kigeni hajui jina la mkwe wake, hajui sura yake, eti ameolewa. Akaniambia kwa upole uleule kwamba ndoa za kuigiza wanazikuta kila siku, na kwamba asiporidhika nitarudi kwetu nikaanze maombi upya kutokea huko. Jamani, nilihisi mtoto amegeuka tumboni. Kuanza upya Nakuru maana yake kujifungulia Nakuru, Lusajo yuko huku, saluni imefungwa, na nani ajuaye ningerudi lini. Nilitoka pale nalia mpaka mwenye bodaboda akakataa kunipakia, eti asije akaambiwa yeye ndiye aliyenifanya kitu.

Lusajo alicheka kwanza (nilimnunia mpaka chakula cha usiku), kisha akampigia ofisa, wakakubaliana: mke aje asubuhi ahojiwe tena, mzee aje mchana atoe ushahidi, wasikutane. Mpango safi kabisa. Uliharibiwa na vitu viwili vya kawaida. Asubuhi mtandao wa ofisi ulikata, tukaambiwa tusubiri. Na wazee wa Kisondela, ukiwaambia waje mchana, wanaamka na jogoo.

Lusajo akatumwa kutoa kopi ya cheti cha ndoa, na umeme nao ukawa umekatika upande ule wa mjini, kwa hiyo akapotea moja kwa moja. Mimi nikabaki kwenye benchi la barazani. Akaja mzee mmoja, kipara kinang'aa, viatu vya kanisani, mwavuli mweusi mkononi. Akakaa.

"Shikamoo mzee wangu."

"Malahaba, mwanangu. Mwagona?"

"Ndaga fijo," nikajibu kwa maringo, yaani asante sana, maana Kinyakyusa cha salamu nakimudu.

Nyie, mimi nikiwa na wasiwasi mdomo haufungi. Nikamwambia mvua imezidi. Nikamwambia mimi Mkenya, nimeolewa na kijana wa Kisondela, anauza maparachichi. Mzee aliposikia hivyo akashtuka kidogo, akageuza uso ukutani, akasogea mbali. Nikajua hasikii vizuri, nikamfuata. Akasogea tena. Nikasogea. Akafika ukingoni mwa benchi, tako moja liko hewani, akaona hana pa kwenda, akafungua mwavuli akauweka katikati yetu, mle mle barazani, chini ya bati. Nikasema moyoni, masikini, mzee anahisi baridi ya manyunyu. Nikainama nikaingia chini ya mwavuli nimalizie hadithi yangu.

Na ilikuwa hadithi! Nikamweleza kwamba nimefikishwa hapa na baba mkwe wangu, mtu ambaye sijui hata ana pua ya aina gani. Kwamba nimekimbilia migombani kwa ajili yake, nimejificha stoo ya mbolea, na siku moja nilijitupa banda la nguruwe, nguruwe mwenyewe akanishangaa. "Tena mzee wangu," nikasema, "angekuwa na huruma, angejifunga kengele shingoni kama ng'ombe, mtu ukajua mapema anakuja!"

Mabega ya mzee yakatikisika. Mkono umebana mdomo, macho yamefumbwa, machozi yanamtoka. Nikamwonea huruma kweli, nikampigapiga mgongoni. (Ndiyo. Nilimpigapiga mgongoni. Hapo hata mama yangu mzazi nilipomsimulia alikata simu.)

Nikaitwa ndani. Ofisa yuko na fomu yangu, mstari wangu bado mtupu. Akaniuliza tena jina, nikamwambia tena siwezi. Akashusha pumzi. "Mama, mimi ninataka kukusaidia, lakini na wewe nisaidie." Akamwashiria mtu kupitia dirishani aingie, mlango ukafunguliwa, na yule mzee wa benchi akaingia kinyumenyume, ametanguliza mgongo, mwavuli bado uko wazi. Nikafurahi kuona mtu ninayemfahamu. Nikamwambia, "Karibu mzee wangu, usiogope, wanauliza maswali tu."

Ndipo kile kikohozi alichokibana tangu barazani kikamshinda. Viwili vifupi. Kimoja kirefu. Na ule mlango wenye kutu.

Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa kwenye kiti, na mara nipo sakafuni natambaa kuelekea chini ya meza, kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Likagoma palepale kwenye ubao wa katikati. Sikwenda mbele, sikurudi nyuma.

"Mama! Toka chini ya meza ya Serikali!"

"Siwezi, afande!"

"Huwezi au hutaki?"

"Nimekwama!"

Ofisa akadhani natoroka, akapiga kelele wenzake waje, lakini nani alishawahi kumwona mtu anatorokea chini ya meza? Wakaingia wenzake. Waliokuwa kwenye foleni wakahamia dirishani, na nikasikia sauti ya mama mmoja, mteja wangu kabisa, anasema, "Eeh, si ndiye aliyenisuka juzi?" Hapohapo akafika Lusajo na kopi zake mkononi, akakuta baba yake ameugeukia ukuta, mwavuli wazi, mkewe amebaki miguu, na ofisa amesimama juu ya kiti kwa sababu hana pa kuweka miguu.

"Haya," ofisa akasema, jasho linamtoka, "nani aniambie ukweli. Huyu mwanamke ni nani?"

Mzee akazungumza, akiuambia ukuta.

"Afisa, huyo ni nkamwana wangu. Mke wa kijana wangu."

"Una uhakika gani, mzee? Yeye anasema hajawahi kukuona."

"Hajaniona, ndiyo. Angekuwa mtu wa kuniangalia usoni, ningemkataa mimi mwenyewe. Sikiliza, baba. Mke wa kuigiza angeinuka hapo anisalimie. Angenipa mkono, angeniita baba, angecheka na mimi ili wewe ufulahi uandike. Huyu ameingia chini ya meza na mjukuu wangu tumboni, selikali inaangalia, kibali chake kinapotea, bado hakutaka kunikosea heshima. Utampata wapi mke wa uongo wa kufanya hivyo? Andika. Ni wetu."

Mimi kule chini nikaanza kulia, na safari hii si kwa aibu. Ni wetu. Nilikuwa nimelitafuta neno hilo tangu siku nilipovuka mpaka wa Namanga na masanduku yangu.

Mzee akataja jina lake ofisa ajaze ule mstari, nami nikaziba masikio. Ofisa akainama, akaniuliza kama nakubaliana na maelezo ya shahidi.

"Nakubali yote, afande, ila jina sijalisikia."

Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mzee akaondoka kwanza, kinyumenyume vilevile, kisha Lusajo na maofisa watatu wakainyanyua meza, nami nikatolewa, kanga imechanika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kule dirishani wakanipigia makofi. Kibali kilitoka. Jina la Mama Chini ya Meza nalo lilitoka siku hiyohiyo, na hilo halina tarehe ya kuisha.

Nimeapa mambo mawili. Fomu sitaruka mstari tena, ni bora nimwite jirani aniandikie. Na mzee yeyote wa wilaya yetu hii ya Rungwe, kabla sijaingia chini ya mwavuli wake, atanitajia kwanza ukoo wake na watoto wake wote.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kisondela. Nilikuwa uani na mama mkwe tunamenya ndizi, nimetulia, nikasikia kutoka migombani: ngriling, ngriling. Kengele ya baiskeli. Nikashangaa, maana kwenye kile kilima chao hata pikipiki inahema, na pale nyumbani hakuna baiskeli.

Mama mkwe akaangua kicheko, kisu kikamdondoka. "Kimbia mwanangu, baba yako anakuja! Kengele hiyo kainunua sokoni siku ileile mliyotoka ofisini, anatembea nayo mfukoni."

Nikajiinua na tumbo langu, nikajikongoja taratibu hadi nyuma ya jiko, sina haraka hata kidogo, na nguruwe akaniangalia napita.