Sauti ya Mkuu wa Wapagazi

Mzee Musembi alitoka Ukambani akiwa kijana, akawahudumia Waitaliano mezani kwa miaka thelathini katika hoteli za Malindi. Lakini huku mtaani Muyeye anajulikana kwa filamu. Zamani Waitaliano walikuja kupiga filamu ya safari za porini, wakampa nafasi ya mkuu wa wapagazi. Katika hadithi yake mpagazi mmoja anaugua, mzungu anataka aachwe njiani, Musembi anakataa: "Huyu ni mwenzetu. Hatumwachi, tutambeba." Amelisimulia hilo miaka yote, na filamu yenyewe hakuwahi kuiona.

Jirani yake Odera, fundi viatu, hakuamini, kila mara akimtania: "Staa, hiyo filamu yako ilionyeshwa mbinguni?"

Mwaka huu Ndinda, bintiye anayewapikia Waitaliano, akaipata mtandaoni. Jumapili baada ya kanisa majirani wakajaa sebuleni. Nami, mpangaji wa muda wa chumba cha uani, nikapewa stuli.

Akatokea Musembi kijana, kifua wazi. Makofi. Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mtu mwingine, kwa Kiitaliano.

"Anasemaje?" Odera akauliza.

Ndinda alimtupia babake jicho. "Anasema huyu ni mwenzetu, hatumwachi."

Kiitaliano nakijua. Sauti ilisema: "Bwana, mwache afe. Ana mapepo, tunaogopa." Nimekutana na filamu za namna hiyo katika nchi nyingi: mtu anaazimwa uso, kisha anatiwa maneno ya wengine kinywani.

"Mwanangu," Musembi akasema, "hao watu nimewasikiliza miaka thelathini." Akawageukia majirani. "Amesema mwenzetu aachwe afe. Ndinda, rudisha nyuma. Zima sauti."

Picha ikarudi. Kijana alipofungua kinywa, mzee akasema naye: "Huyu ni mwenzetu. Hatumwachi, tutambeba." Midomo ikalingana neno kwa neno.

"Kumbe," Odera akanong'ona.

Kisha wapagazi wakaonekana wakitimua mbio, Musembi mbele, mgonjwa kabaki chini.

"Hapo tulikuwa tunakimbilia chakula. Siku nyingine kabisa."

"Na mgonjwa, Mzee?" jirani mmoja akauliza.

"Tulimbeba. Tulirudia mara nne, mpaka mzungu wa kamera akasema inatosha."

Tukaitazama filamu hadi mwisho, bila sauti, tukingoja. Hakuna mahali alipobebwa mtu.

Odera alikuwa wa mwisho kuondoka. "Haya, Mzee, pumzika," akaaga. Siku hiyo hakumwita staa.