Masikio ya Bi Haloo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Haloo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima aliumalizia nyuma ya ubao wa simu wa ofisi moja kubwa, visikilizio masikioni, akiunganisha watu ambao mara nyingi hawakutaka kuunganishwa. Aliijua sauti ya mkurugenzi akiwa na mafua na sauti ya mkurugenzi akisingizia mafua. Laini ikikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, wenzake walisema, "Rudia tafadhali." Bi Haloo hakuwahi kumwambia mtu arudie. Kuomba kurudiwa, alisema, ni kazi ya viziwi na wanasiasa.

Kisha ofisi ikaleta mashine ya kusema "bonyeza moja, bonyeza mbili." Bi Haloo akapigiwa makofi, akakabidhiwa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo alipohitaji kujua saa, akaenda kuishi kwa bintiye. Bintiye alikuwa keshia wa duka kubwa, anatoka asubuhi na kurudi miguu imevimba. Mkwe alikuwa dereva wa lori la masafa, akionekana nyumbani kama mgeni. Kwa hiyo mjukuu alikuwa wa bibi, usiku na mchana.

Mjukuu huyo waliyemwita Chiriku alistahili jina lake, maana alisema kutwa kucha. Ila alichosema hakuna aliyekielewa. Herufi zilizomshinda alizipiga teke akaweka alizozipenda yeye. Siku moja aliingia mbio jikoni akapiga kelele, "Tutu ametula tabuni!" Mama yake akatazama dari, akatazama sakafu, mwisho akamtazama Bi Haloo.

"Anasema nini, Mama?"

"Kuku amekula sabuni," akajibu Bi Haloo bila kuacha kumenya viazi. Walipotoka uani, kweli, kuku wa jirani alikuwa anatoa povu mdomoni.

Basi ikawa hivyo. Chiriku anasema, Bi Haloo anaunganisha. Mama mtu, baba mtu, muuza mkaa, wote walipitia kwake. Na tusidanganyane, bibi alifurahi. Kazi aliyonyang'anywa na mashine ilikuwa imerudi ikiwa na mashavu mawili manene, ikimfuata hadi mlango wa choo.

Shule ndiyo iliyotia mchanga kwenye pilau hilo. Walipompeleka Chiriku kuandikishwa, mwalimu mkuu alimuuliza maswali, akajibiwa yote, na kila jibu likatafsiriwa na Bi Haloo papo hapo. Mwalimu mkuu akatabasamu kwa adabu. "Mtoto mchangamfu sana. Lakini darasani bibi haingii. Mtafutieni msaada kwanza, muhula ukianza aje akiwa anaeleweka walau na wenzake, la sivyo watamcheka mpaka anyamaze." Neno hilo la mwisho, anyamaze, bintiye alirudi nalo nyumbani akalia nalo.

Hospitali kubwa ilikuwa na mtaalamu wa matamshi, na foleni yake ungeweza kuzeekea ndani. Keshia mwenzake bintiye ndiye aliyemwambia kuna mtaalamu anayefundisha watoto kwa simu, kwa video. Mkwe alipopigiwa huko njiani alicheka. "Mtoto afundishwe kusema na simu? Simu hizohizo ndizo zilizowanyamazisha watu wazima!" Hata hivyo alituma pesa ya bando.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, asiyeficha mambo. "Njia hii haimfai kila mtoto wala kila nyumba," alisema. "Wengine hawakai mbele ya kioo. Wengine mtandao wao ni wa kubahatisha. Na lazima awepo mtu mzima pembeni, maana mimi mikono yangu haifiki huko. Tujaribu vipindi vichache, kisha mtaamua wenyewe."

"Ataamua Mama," bintiye akasema. "Yeye ndiye anayeshinda naye. Akisema inatufaa, tunaendelea. Akisema haifai, basi."

Bi Haloo alikubali kwa unyenyekevu wa hakimu aliyekwisha andika hukumu.

Siku ya kipindi cha kwanza aliamkia usafi. Chiriku alisuguliwa mpaka akang'aa, akavalishwa gauni la sikukuu. Simu iliegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Bi Haloo mwenyewe alijifunga kitambaa kipya, akakaa mgongo wima kama zamani kazini.

Mtaalamu akaonyesha picha. "Chiriku, huyu ni nani?"

"Tutu."

"Anasema, Mwalimu," akadaka Bi Haloo, "kwamba huyo ni kuku jike aliyenona, na kwamba anafanana na yule wa jirani yetu."

Mtaalamu akaishusha picha. "Amesema yote hayo, Bibi?"

"Kwa ufupi."

Kipindi kizima kilikwenda hivyo. Picha ya kisu, picha ya kikapu, picha ya sungura, kila moja ilipata maelezo kamili na salamu juu yake. Bi Haloo aliona wamefaulu. Alishangaa mtaalamu alipomwomba wabaki kuzungumza wawili.

"Shikamoo tena Bibi. Nisamehe nikisema wazi. Sijawahi kuona mtu mwenye masikio kama yako."

"Marahaba. Ni kazi tu, mwanangu," akasema Bi Haloo, akijaa.

"Ndiyo shida yenyewe. Unamwelewa mno. Mtoto hana sababu ya kujisumbua, akisema ovyo anapata, akisema vizuri anapata. Nakuomba kitu kimoja. Akikwambia jambo kwa ile lugha yenu, jifanye hujaelewa. Sema, 'Sijasikia.' Halafu subiri. Usimsaidie."

Bi Haloo alibaki ametoa macho. Kuambiwa aseme "sijasikia", yeye! Ilikuwa kama kumwomba mpishi aunguze chakula ili wageni wajifunze kutafuna. Aliitikia "sawa, nimekuelewa," akakata simu, na moyoni akaapa kwamba upuuzi huo hautaingia nyumba ile.

Sababu za kukataa hazikumpa taabu. Mtandao ulikatika, mtaalamu akaganda mdomo wazi, na Chiriku akazunguka nyuma ya simu kuutafuta mwili wake uliobaki. Bando liliisha katikati ya kikapu. Mtoto alikaa kwenye kiti kwa muda wa kumaliza biskuti moja, basi. Hayo yote yalikuwa kweli, na Bi Haloo aliyapanga kichwani vizuri apate kumweleza bintiye. Sababu moja tu aliiacha nje ya orodha. Mtoto huyu akisema kama watoto wengine, nani atamhitaji mwanamke mzee anayejua kusikiliza? Aliijua sababu hiyo. Iliketi naye jikoni kila asubuhi, naye akajifanya haioni.

Kilipofika kipindi cha mwisho cha majaribio, aliamua kutii agizo mara moja, ili kushindwa kuonekane. Mtoto atalia, mtaalamu ataona, mchezo utaisha.

Chiriku alikuwa ameketi mbele ya simu. Mpira wake ukabiringika, ukaingia chini ya kabati. Akageuka. "Bibi, niototee mpila chini ya tabati."

Bi Haloo akaikunja mikono yake mapajani, maana ilikuwa imeshaanza safari. "Sijasikia."

Mtoto akamtazama kama mtu aliyefika dukani kwake akakuta duka limehama. Akarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi.

"Sijasikia, mjukuu wangu."

Midomo ikaanza kutetemeka, machozi yakaja. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba asiyechelea naye hulia. Kwenye simu mtaalamu alikuwa kimya, akisubiri, na safari hii hakuwa ameganda. Chiriku akafuta kamasi kwa kiganja. Akampa bibi yake mgongo, akaisogelea simu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaenda kushtaki.

"Mwalimu. Bibi ha... hatitii." Akatikisa kichwa, hakuridhika. Akakaza meno, akapuliza. "Ha-ssi..." Akameza mate. "Ha-ssi-kii. Bibi hasikii!"

Mtaalamu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Bi Haloo alichuchumaa kando ya kabati akitafuta mpira kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutafutwa. Alifurahi, na iliuma, na hakuweza kulitenga moja na jingine.

Jioni bintiye hakuwa amevua hata viatu. "Haya Mama, umeamuaje? Inatufaa?"

Hukumu ilikuwa tayari ulimini: mtandao, bando, biskuti. Lakini Chiriku alimtangulia.

"Mama! Bibi hasikii!"

Bintiye akasimama na kiatu kimoja mkononi. Kwanza alishtuka kwa kuwa ameelewa, peke yake, bila kumtazama mtu. Kisha akashtuka kwa alichoelewa.

"Mama, masikio yamekuanza lini? Mbona husemi?"

Neno moja lingemsafisha. Hata kukonyeza tu kungetosha. Lakini Chiriku alikuwa pale, macho yamemtoka, akisubiri kujua kama kweli kuna haja ya kuhangaika na herufi ngumu kiasi kile.

"Uzee, mwanangu," akasema Bi Haloo. "Hilo somo la simu liendelee. Linatufaa."

Habari ya ukiziwi wake ilitembea mtaani kabla ya chai ya asubuhi. Muuza mkaa akaanza kumpigia kelele. Jirani mwenye kuku akawa anamsengenya mbele yake, tena kwa sauti ya kawaida, na Bi Haloo akalazimika kutabasamu. Nyumbani Chiriku alimshika shavu kila alipotaka kitu, akamgeuzia uso kwake, akatamka polepole kama anayemlisha mgonjwa. Maji. Kikombe. Sukari ilikuwa bado sukali, lakini ya kueleweka.

Bintiye, ambaye sasa aliamini simu inatibu kila kitu, akamtafutia mama yake daktari wa masikio kwa video. Simu ikaegemezwa, Bi Haloo akaketi, Chiriku akajisogeza pembeni yake mgongo wima. Daktari alikuwa kijana, anakimbiza maneno, laini inakwaruza.

"Bibi, unanisikia?" akauliza.

Bi Haloo alimsikia. Alisikia na feni iliyo nyuma ya daktari, na mlango wa chumba cha pili kwake ukifungwa. Akanyamaza. Mkono mdogo ukamshika shavu, ukamgeuza.

"Bi-bi," akasema Chiriku, kila herufi mahali pake au karibu na hapo. "Da-ki-ta-li anauliza kama unasikia."

"Mwambie," akasema Bi Haloo, "kidogo."

Chiriku akaigeukia simu. "Anasema, kidogo."